SOMO LA TEKNOLOJIA: Kompyuta Inayoanguka Mara kwa Mara – Je, Imekufa au Draiva Zimegombana?



Katika toleo hili tunawaletea somo kuhusu tatizo linalozisumbua ofisi nyingi za sharika, zahanati na shule zetu, yaani kompyuta inayoganda au kuzima katikati ya kazi. Wengi wetu tukiliona jambo hilo mara mbili tatu huhitimisha kwamba kompyuta imekufa. Inafunikwa kitambaa, inapelekwa stoo, na katika kikao kinachofuata inaandikwa barua ya kuomba nyingine. Wakati huohuo, ndani ya kompyuta iliyo stoo zimebaki rejista za ubatizo na ndoa, hesabu za sadaka, orodha ya watoto wanaolipiwa ada, na taarifa za mradi ambazo mbia anazisubiri.

Tunachotaka kusema ni kifupi. Si kila kompyuta inayoanguka imekufa. Mara nyingi vifaa vyenyewe ni vizima na kasoro iko katika programu ndogo iitwayo draiva. Kamati inaweza kuanza kulitambua hilo kwa kuuliza swali moja kabla ya kuidhinisha fedha yoyote: ni nini kilibadilika kabla tatizo halijaanza?

Baada ya somo hili tunatarajia msomaji aweze:
1. Kueleza draiva ni nini na kwa nini huweza kuangusha kompyuta nzima.
2. Kutofautisha tatizo la draiva na tatizo la umeme, joto au kifaa kibovu.
3. Kufuata hatua za kurekebisha, au kumsimamia fundi anapozifuata.
4. Kuweka utaratibu katika usharika ili tatizo lisijirudie.

DRAIVA NI NINI?

Neno hili lina asili moja na neno dereva, lakini halihusiani na gari. Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa fulani. Printa ina draiva yake, skrini ina yake, sauti ina yake, na vivyo hivyo kamera, modemu na kifaa cha Wi-Fi.

Sharika zetu zinafahamu vizuri kazi ya mkalimani. Mgeni kutoka usharika rafiki wa Ujerumani anaposimama kusalimu ibadani, yeye anasema Kijerumani na waumini wanasikia Kiswahili, kwa sababu katikati yao amesimama mtu anayezijua lugha zote mbili. Draiva hufanya kazi hiyohiyo. Mfumo endeshi, kwa mfano Windows, hutoa agizo la jumla: "Chapisha ukurasa huu." Draiva hulibadilisha agizo hilo kuwa maelekezo ambayo printa ya aina hiyo inayaelewa, kisha huleta majibu: karatasi imekwisha, wino umepungua, kazi imekamilika.

Mfano huu unasaidia kuelewa matatizo pia. Mkalimani aliyejifunza lugha zamani sana anaweza asiyajue maneno mapya. Mkalimani aliyeletwa kwa makosa anaweza kuwa anajua Kifaransa wakati mgeni anasema Kijerumani. Na wakalimani wawili wakisema kwa wakati mmoja, hakuna atakayesikia kitu.

KWA NINI KITU KIDOGO KIANGUSHE KOMPYUTA NZIMA?

Programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua, hufanya kazi zikiwa zimewekewa mipaka. Ikikosea, programu hiyo hufungwa peke yake na kompyuta huendelea. Draiva nyingi haziko hivyo. Zimepewa nafasi ndani kabisa ya mfumo endeshi, mahali panapoitwa kiini, kwa kuwa zinahitaji kuvifikia vifaa moja kwa moja. Draiva ya namna hiyo ikigusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, Windows haiwezi tena kuwa na uhakika kwamba mambo mengine yako salama. Hivyo hujisimamisha makusudi ili isije ikaharibu mafaili yako.

Hapo ndipo inapotokea ile skrini ya bluu yenye maandishi meupe. Katika matoleo mapya ya Windows 11, tangu mwaka 2025, skrini hiyo ni nyeusi. Watu wengi huiogopa, lakini skrini hiyo ni taarifa. Ndani yake huwa kuna jina la kosa, na wakati mwingine jina la faili lililohusika.

Tatizo hili halikuanza leo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani waliandika mwaka 2003 kwamba draiva zilikuwa chanzo cha asilimia 85 ya matukio ya kuanguka kwa Windows XP yaliyokuwa yameripotiwa wakati huo. Mifumo imeimarishwa sana tangu hapo, lakini hatari haijakwisha.

Wengi watakumbuka yaliyotokea tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya Marekani ya CrowdStrike, inayotengeneza programu ya ulinzi wa kompyuta, ilisambaza faili jipya la maelekezo saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Faili hilo lilikuwa na kasoro. Draiva ya programu hiyo ilipolisoma, ilivuka mpaka wa kumbukumbu yake, na Windows ikaanguka. Kampuni ililiondoa faili hilo saa 2:27, yaani baada ya dakika 78, lakini kwa makadirio ya Microsoft kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kuathirika. Ndege zilikwama viwanjani, na hospitali na benki katika nchi mbalimbali zikasimamisha huduma.

Lililo muhimu kwetu ni namna kompyuta hizo zilivyoponywa. Vifaa vyake havikuwa na ubovu. Katika nyingi kati yake, fundi aliiwasha kompyuta katika hali salama, akafuta faili lenye kasoro, akaiwasha upya, nayo ikafanya kazi kama awali. Hatua tutakazozieleza hapa chini zinafuata njia hiyohiyo.

VYANZO VINNE VYA UGOMVI WA DRAIVA

Kwanza, draiva iliyopitwa na wakati. Hili huonekana hasa pale kompyuta ya zamani inapowekewa Windows mpya, huku printa au skana ikibaki na draiva ya miaka mingi iliyopita.

Pili, draiva isiyo ya kifaa hicho. Kompyuta mbili zinaweza kufanana kwa nje na kuwa na jina moja, lakini ndani zina vifaa vya Wi-Fi vya viwanda tofauti. Aidha, Windows ya biti 64 haikubali draiva ya kiini iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows ya biti 32. Ndiyo maana diski iliyokuja na printa ya zamani mara nyingi haifai tena.

Tatu, draiva mbili zinazogombania jambo moja. Mfano tunaokutana nao mara nyingi ni programu mbili za kuzuia virusi katika kompyuta moja. Kila moja huweka draiva yake ya kukagua kila faili linalofunguliwa. Faili moja linashikwa na wakaguzi wawili, kompyuta inakuwa nzito, inaganda, na wakati mwingine inaanguka.

Nne, draiva mpya yenye kasoro. Upya peke yake hauleti usalama, kama tukio la Julai 2024 lilivyoonyesha. Kama kompyuta ilikuwa nzima jana na leo imeanguka baada ya masasisho, chunguzeni masasisho hayo kwanza.

Hapa tuongeze angalizo. Mkifungua taarifa za draiva mtaona nyingi zina tarehe ya 21 Juni 2006. Msishtuke. Draiva zinazokuja ndani ya Windows yenyewe hupewa tarehe hiyo makusudi, ili draiva iliyotoka kwa mtengenezaji wa kifaa ionekane mpya zaidi na ipewe nafasi ya kwanza. Kwa hiyo tarehe ya zamani peke yake si ushahidi wa ubovu.

KABLA YA KUILAUMU DRAIVA

Katika mazingira yetu ni lazima tuondoe kwanza mashaka mengine.

Umeme. Kompyuta ikizima ghafla kabisa, bila ujumbe wowote, kama mtu aliyezima swichi, anzeni na umeme. Angalieni soketi, waya, chaja na betri. Ijaribuni kwenye chumba kingine au kwa kupitia UPS.

Joto na vumbi. Kompyuta inayozima baada ya nusu saa ya kazi, hasa mchana, huenda imeziba vumbi. Wekeni mkono kwenye tundu la kutolea hewa. Kama ni moto sana na feni inalia, isafisheni kwanza.

Kumbukumbu, yaani RAM. Andikeni mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, kisha mruhusu kompyuta iwake upya na kujipima. Ikitoa taarifa ya makosa, tatizo linaelekea kuwa la kifaa. Vilevile ujumbe wa WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR mara nyingi huashiria kifaa kibovu.

Diski. Mlio wa kugongagonga, mafaili yasiyofunguka na kuwaka kwa taabu ni dalili za diski inayokufa. Hapo acheni kila kitu na mhifadhi nakala za mafaili kwanza.

Dalili zinazoelekeza kwenye draiva ni tofauti kidogo. Kompyuta huanguka mnapofanya jambo lilelile kila mara: kuchapisha, kuunganisha mtandao, kucheza video au kuchomeka kifaa fulani. Au ilianza kuanguka siku ileile kitu kipya kilipowekwa. Au haianguki kabisa ikiwa katika hali salama. Ujumbe wa DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL pia huelekeza huko, hasa ukiambatana na jina la faili linaloishia na .sys, na ule wa VIDEO_TDR_FAILURE huhusu draiva ya skrini.

HATUA KWA HATUA

Maelekezo haya ni ya Windows 10 na Windows 11. Maneno ya Kiingereza tuliyoyaweka ni yale mtakayoyaona kwenye skrini.

Hatua ya 1: Hifadhini mafaili. Maadamu kompyuta bado inawaka, nakilini kumbukumbu zote muhimu kwenye flashi au diski ya nje kabla ya kugusa chochote.

Hatua ya 2: Andikeni kilichotokea. Pigeni picha ya skrini ya bluu kwa simu. Andikeni tarehe, saa, na kazi iliyokuwa ikifanyika. Kama skrini inapita haraka, kwenye orodha tutakayoieleza katika Hatua ya 4 chagueni namba 9, inayozuia kompyuta isijiwashe upya yenyewe baada ya kuanguka.

Hatua ya 3: Someni historia. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andikeni perfmon /rel, kisha bonyezeni Enter. Utafunguka ukurasa uitwao Reliability Monitor, ambao ni kama kadi ya kliniki ya kompyuta. Kila siku ina nafasi yake, afya ya kompyuta imepimwa kutoka 1 hadi 10, na siku zenye matatizo zina alama nyekundu. Bofyeni siku ya kwanza yenye alama hiyo, mwone ni programu au draiva gani iliwekwa siku hiyo au siku iliyotangulia.

Hatua ya 4: Ingieni katika hali salama. Katika hali hii, iitwayo Safe Mode, Windows huwaka na draiva chache za lazima tu. Shikilieni kitufe cha Shift huku mkibofya Restart. Kisha chagueni Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, halafu Restart. Orodha ikitokea bonyezeni 4. Kama Windows inashindwa kabisa kuwaka, izimeni kwa kushikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10 wakati inajaribu kuwaka. Baada ya kurudia hivyo mara tatu, kwa kawaida hufungua ukurasa wa kujitengeneza wenyewe. Kompyuta yenye ulinzi wa BitLocker inaweza kudai namba ya tarakimu 48. Itafuteni namba hiyo mapema.

Hatua ya 5: Fungueni Device Manager. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na herufi X, mchague jina hilo. Mtaona orodha ya vifaa vyote. Chenye pembetatu ya njano na alama ya mshangao kina tatizo. Mkikibofya mara mbili mtaona namba ya kosa. Namba 28 maana yake draiva haijawekwa. Namba 10, kifaa kimeshindwa kuanza. Namba 12, kimekosa nafasi ya kufanyia kazi kwa sababu kingine kimeishika. Namba 43, Windows imekisimamisha kwa kuwa chenyewe kimetoa taarifa ya tatizo. Namba 52, Windows imeshindwa kuthibitisha sahihi ya kidijitali ya draiva, hivyo chunguzeni ilikotoka.

Hatua ya 6: Rudisheni draiva ya awali. Katika ukurasa wa kifaa hicho fungueni sehemu ya Driver, mbofye Roll Back Driver. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, maana yake hakuna draiva ya awali iliyohifadhiwa. Hapo tumieni Uninstall Device, na mweke alama ya vema kwenye kisanduku kinachouliza kama draiva nayo iondolewe. Ikiwa sehemu ya kurejesha mfumo ilikuwa imewashwa, mnaweza pia kuandika rstrui na kuirudisha kompyuta katika hali iliyokuwa nayo kabla ya tatizo.

Hatua ya 7: Wekeni draiva sahihi. Tafuteni modeli kamili chini ya kompyuta. Dell, kwa mfano, huandika namba iitwayo Service Tag. Kwa kutumia namba hiyo, pakueni draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Kama kompyuta mbovu haiingii mtandaoni, ipakueni kwenye nyingine na kuileta kwa flashi.

Hatua ya 8: Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Baada ya kila badiliko iwasheni kompyuta upya, rudieni kazi iliyokuwa ikiiangusha, kisha muitumie siku mbili tatu kabla ya kugusa kitu kingine. Mkibadilisha vitu vitano kwa pamoja na kompyuta ikapona, hamtajua dawa ilikuwa ipi. Ikizidi kuumwa, hamtajua sumu ilikuwa ipi.

MFANO KUTOKA ZAHANATI MOJA

Zahanati moja ya dayosisi ilikuwa na laptopu iliyotunzia hesabu za dawa. Kwa wiki tatu laptopu hiyo ilianguka kila ilipounganishwa na mtandao. Fundi wa mjini alisema madabodi imekufa, na bei aliyotaja ilikaribia nusu ya bei ya laptopu ya mtumba. Kamati ilikuwa tayari kuchukua fedha hizo kwenye fungu la dawa.

Tulipofika tuliomba kwanza kuona historia. Alama nyekundu ya kwanza ilikuwa siku ileile ilipowekwa programu ya bure iliyodai kutafuta na kusasisha draiva zote. Siku hiyo ilikuwa imebadilisha draiva kadhaa, ikiwemo ya Wi-Fi, na papo hapo ilileta programu ya pili ya kuzuia virusi. Katika hali salama laptopu ilikaa saa mbili bila kuanguka, jambo lililotupa shaka kubwa kuhusu habari ya madabodi.

Tuliiondoa ile programu ya bure pamoja na ile ya pili ya kuzuia virusi. Tuliiwasha upya, tukaunganisha mtandao, nayo ikaanguka tena. Ndipo tukageukia Wi-Fi. Kitufe cha kurudisha draiva kilikuwa kimefifia, kwa hiyo tuliifuta, tukaweka ile ya mtengenezaji kwa kufuata namba iliyo chini ya laptopu. Kazi ilichukua asubuhi moja, na gharama ilikuwa nauli na bando. Fungu la dawa halikuguswa.

Siku hiyohiyo tuliletewa kompyuta ya pili kutoka stoo, na hiyo diski yake ilikuwa imekufa kweli. Draiva isingeweza kuisaidia. Tunalitaja hili ili kamati zisidhani kwamba kila ugonjwa una dawa moja. Faida ya uchunguzi ni kujua ipi inunuliwe kifaa na ipi isinunuliwe.

MAMBO YA KUEPUKA

• Programu zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Baadhi yake huweka draiva isiyofaa au huleta programu nyingine zisizoombwa.
• Kusasisha draiva ya kifaa kisicho na tatizo siku moja kabla ya kazi kubwa, kama kufunga hesabu za mwaka. Kwa upande mwingine, msizime masasisho ya usalama ya Windows.
• Kuweka programu mbili za kuzuia virusi. Moja inatosha, na Windows 10 na 11 zimekuja na ya kwao.
• Kumruhusu fundi afute kila kitu na kuweka Windows upya kabla ya mafaili kunakiliwa. Njia hii huweza kuondoa tatizo la draiva, lakini rejista ya ubatizo ya miaka kumi inaweza kuondoka nalo.

WAJIBU WA KAMATI YA USHARIKA

Mjumbe wa kamati hahitaji kuwa fundi. Anahitaji kuhakikisha mambo manne yanafanyika.

La kwanza ni daftari la kompyuta. Kila kompyuta iwe na ukurasa wake wenye modeli, namba ya mfululizo, tarehe ilipopokelewa na mbia aliyeitoa. Kila kinachowekwa au kuondolewa kiandikwe pamoja na jina la aliyefanya. Daftari hilo ndilo litakalojibu swali la nini kilibadilika.

La pili ni flashi ya draiva. Kompyuta ikiwa bado nzima, pakueni draiva zake muhimu, hasa ya mtandao, mzihifadhi pamoja na daftari. Bila draiva ya mtandao kompyuta haiwezi kuingia mtandaoni kuitafuta draiva hiyohiyo.

La tatu ni neno la siri la msimamizi. Lijulikane kwa watu wawili walioteuliwa, kwa mfano katibu wa usharika na mtunza hazina. Vijana wa kwaya wanaokuja kuchapisha nyimbo watumie akaunti ya kawaida isiyoruhusu kuweka draiva.

La nne ni maswali kwa fundi. Kabla ya kuidhinisha malipo, aulizwe: Je, uliijaribu katika hali salama? Kosa lililoandikwa kwenye skrini lilikuwa lipi? Uliipima kumbukumbu na diski? Fundi mzuri atafurahi kuulizwa.

NENO KWA WABIA WETU

Tunawashukuru wabia wanaotutumia kompyuta. Zimeandika mengi katika sharika zetu. Tunaomba mtusaidie katika mambo machache yatakayorefusha maisha yake.

Ikiwezekana, kompyuta kumi ziwe za modeli moja. Draiva za moja zitafaa kwa zote, na atakayejifunza kutengeneza moja atakuwa amejifunza zote. Kompyuta zilizotoka ofisi za makampuni ziondolewe kwanza usimamizi wa ofisi hizo, na namba ya BitLocker itumwe au ulinzi huo uondolewe. Tumewahi kupokea kompyuta nzima ambazo hatukuweza kuzifungua kwa kukosa namba hiyo.

Vilevile tunaomba muangalie umri. Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel karibu prosesa zote zinazokubalika ni za kizazi cha 8 na kuendelea. Kompyuta ya zamani zaidi inaweza kulazimishwa kuipokea, lakini mtengenezaji wake huenda hakuwahi kutengeneza draiva kwa ajili ya mfumo huo, na hapo ndipo ugomvi tulioueleza huanza. Kwa mashine za namna hiyo ni afadhali kufikiria Linux, ambayo draiva zake nyingi huja ndani ya mfumo wenyewe, ingawa printa ijaribiwe kabla ya kuamua.

Mwisho, bajeti ya mradi iwe na fungu dogo la matengenezo na mafunzo. Siku moja ya kumfundisha katibu wa usharika hugharimu kidogo kuliko kusafirisha kompyuta moja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Je, usharika wetu una kompyuta ngapi stoo, na kila moja iliwekwa huko kwa sababu gani? Nani alithibitisha kuwa imekufa?
2. Mafaili yaliyomo yana nakala mahali pengine?
3. Nani anaruhusiwa kuweka programu katika kompyuta ya ofisi? Je, anaandika anachoweka?
4. Kompyuta ya ofisi ikianguka kesho asubuhi, tutajuaje kilichobadilika wiki iliyopita?
5. Kwa mwaka uliopita tulimlipa fundi kiasi gani, na kwa tatizo lipi?

Tunazishauri kamati kuanza na swali la kwanza katika kikao kijacho: kutoa kompyuta stoo, kuzifuta vumbi na kuziwasha moja moja, daftari likiwa mezani.